Zamu Haina Mfadhili

Mwanangu Salome,

Umekwenda Kimara kumuaga shangazi yako, nami leo nimefunga cherehani mapema ili nikuandikie kabla hujarudi. Mambo ya kula vizuri, kufunga mlango na kuchagua marafiki unayajua kuliko mimi, sitayagusa. Nakujibu lile uliloniomba Jumapili tulipotoka kanisani.

Ulisema, "Baba, mie nataka nianze na nyie. Kila afisa mpya wa shirika letu anatakiwa afike na kikundi cha mfano cha kufadhiliwa. Nikifika Dodoma na kikundi mkononi, wataniona." Ukaniambia tena, "Safari hii nitakuwa ndani mwenyewe, baba. Si unaniamini?" Nikasema nakuamini, na ni kweli nakuamini, kisha nikageuka kuuliza bei ya nyanya pale gengeni ili tuyaache hayo. Ukadhani nimekubali. Jioni nikakusikia kwenye simu unamwambia mwenzako kwamba kikundi umeshapata, kipo Charambe, wazazi wa watoto wenye ulemavu, wameanza wenyewe bila kusukumwa na mtu. Ulikuwa na furaha, na mimi nikakosa nguvu ya kuikatiza.

Naandika kwa sababu kwa mdomo ungenishinda. Umesoma, una maneno mengi. Darasa la saba langu linaandika vizuri kuliko linavyobishana.

Mama yako alipofariki, mdogo wako Elia alikuwa bado hajakaza shingo. Hospitali walishatuambia ni utindio wa ubongo, na kwamba tusitegemee makubwa. Wewe ulikuwa mdogo, unarudi shule unavua viatu mlangoni na kuanza kumsimulia habari za siku nzima kana kwamba anakujibu. Mimi nilikuwa nashona naye mgongoni. Nikiegemea mbele kupitisha kitambaa, kichwa chake kinanigonga bega, na kwa kugonga huko nikawa najua yupo macho.

Mama Shufaa wa duka la kona ndiye aliyenitoa hapo. Kitindamimba wake, Idi, alikuwa na hali hiyo hiyo. Asubuhi moja alisimama mlangoni, kanga kiunoni, akanitazama mpaka nikaona haya.

"We Baba Salome, utashona na mtoto mgongoni mpaka lini? Unafanya mashindano na nani?"

"Nitampeleka wapi, Mama Shufaa?"

"Kwangu. Jumatatu mlete kwangu, nawe ukashone kwa raha zako. Jumanne nakuletea Idi, nami nikafuate mzigo Kariakoo. Huwezi?"

Nikasema mimi ni mwanamume. Akasema ameliona hilo, halijamfurahisha wala halijamkera, anachouliza ni Jumanne.

Ndivyo zamu ilivyoanza. Mama muuza mihogo akaleta wake, akachukua Jumatano. Wakaja wengine. Kila siku nyumba moja inatandika mkeka, mmoja anabaki na watoto, wengine wanakwenda kutafuta riziki. Unakuja na kikombe cha unga wa uji na nguo safi ya mtoto, basi. Hakuna aliyesaini popote. Aliyekosa siku yake bila sababu, Mama Shufaa alimfuata mpaka kwake na kumtukana barazani, mbele ya wapangaji wenzake, na wiki inayofuata alikuwa wa kwanza kutandika mkeka.

Jumanne yangu ya kwanza walikuja kuchungulia. Nilikuwa nimewaogesha na kuwapaka mafuta, tena mengi. "Jamani njooni muone!" alipiga kelele mama muuza mihogo. "Mama Salome ana ndevu!" Mwingine akauliza kama watoto nimewapaka mafuta au nataka kuwakaanga. Jina likanishika. Mpaka leo kuna watu Charambe hawajui kwamba naitwa baba.

Kwa Elia, zamu ilikuwa dunia. Hakusema neno maishani mwake, lakini Idi akipiga chafya, Elia alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Bila shaka unakumbuka ulivyokuwa ukimpigia chafya za uongo ili acheke. Hakucheka hata mara moja. Alizijua za uongo.

Kisha likaja lile gari jeupe la mradi.

Sitamsema vibaya yule dada aliyeshuka. Alikuwa binti mzuri, mpole, alivua viatu bila kuambiwa na akawapa shikamoo wakubwa wote waliokuwapo. Alikuwa kama wewe. Nataka ulishike hilo unaposoma haya mengine, kwa sababu katika hadithi hii simjui mtu mbaya hata mmoja, na ndiyo maana naidharau kazi yenyewe kuliko ninavyomdharau mtu yeyote.

Aliuliza kikundi chetu kinaitwaje.

"Hakiitwi," alijibu Mama Shufaa. "Kinakuja chenyewe."

Tulicheka wote, naye akacheka, lakini kalamu yake ilibaki hewani ikisubiri jina. Bila jina hatuwezi kufadhiliwa. Bila katiba hatuwezi. Bila mwenyekiti, katibu na mtunza fedha hatuwezi, na ilibidi tuwe na mtunza fedha kabla ya kuwa na fedha. Tukapewa jina refu ambalo hakuna mama aliyeweza kulitaja lote bila kuvuta pumzi katikati. Likaandikwa kwenye bango la chuma, na chini yake jina la mfadhili kwa herufi kubwa kuliko letu.

Akauliza tunahitaji nini. Tulidhani ni swali. Tukasema nepi, kwa sababu watoto wanakua lakini wanaendelea kujikojolea, na nguo hazikauki masika. Tukapewa fulana. Tukasema magodoro, maana sakafu inawachubua viuno. Tukaambiwa bajeti hairuhusu vifaa, inaruhusu mafunzo. Kwa hiyo tukafundishwa namna bora ya kumlaza mtoto kwenye godoro. Baadaye kilikuja kiti cha magurudumu kimoja, kikapigwa picha nyingi sana, kisha magurudumu yake membamba yakazama kwenye mchanga wa njia yetu hatua chache kutoka garini. Mama muuza mihogo alikitumia kubebea madumu ya maji kwenye uwanja wake wa saruji. Katika mradi mzima, hicho ndicho kitu pekee kilichofanya kazi kila siku.

Semina ilikuwa mjini, hotelini. Somo lilikuwa malezi ya mtoto mwenye ulemavu, na ili tufike pale kujifunza malezi ya mtoto mwenye ulemavu, kila mmoja wetu ilibidi amfungie mtoto mwenye ulemavu ndani. Kwetu ulibaki naye wewe. Ulikosa mtihani wa majaribio siku ile na hukuninung'unikia. Mimi nilikuwa nimekaa chini ya kiyoyozi nikinywa maji ya chupa, na kijana mmoja mwezeshaji akitusimamisha tutikise viuno ili tusilale. Wanawake walioamka alfajiri kukanda unga, wanatikisishwa viuno saa nne asubuhi na mtoto wa watu ili wachangamke.

Halafu akatugawia vikaratasi vya rangi tuandike ndoto zetu na kuzibandika ukutani. Mama Shufaa hajui kuandika. Alibandika karatasi tupu. Yule kijana alipita, akaitazama, akasema, "Safi sana, mama!" Njia nzima ya kurudi nyumbani, Mama Shufaa alikuwa akituambia, "Nyie mmeandika mmepata nini? Mie ndoto yangu imepita safi."

Tuliporudi tulikuwa na bahasha. Posho ya kikao. Nami niliipokea na kuisainia kama wengine, na nikakununulia viatu vya shule. Baadaye ikaja posho ya mlezi, yaani anayeshika zamu analipwa kwa siku yake. Lilionekana jambo la haki. Nani angelikataa? Mama anayeacha biashara yake kukaa na watoto wa watu, kwa nini asipate kitu?

Lakini siku ikishapewa bei, mwanangu, watu wanaanza kuitazama kama bidhaa. Mama muuza mihogo akauliza kwa nini Jumatano yake yenye watoto wengi ilipwe sawa na Ijumaa yenye wachache. Mwingine akamtuma mdogo wake kuja kusaini, mtoto wa kike asiyejua hata Idi analishwaje, na Idi akapaliwa na uji siku ile. Mama Shufaa alipokwenda kumtukana barazani kama desturi, yule mama alimjibu kwa upole kabisa, "Malalamiko yapitie kwa katibu." Mama Shufaa alirudi akakaa dukani kwake kimya. Nilikuwa sijawahi kumwona kimya.

Mwaka uliofuata yule dada alikuja na neno jipya, viashiria. Wakubwa wake wanataka kuona mabadiliko. Mtoto alikuwa hatembei, sasa anatembea. Alikuwa hasomi, sasa yupo darasani. Akapita kwa kila mtoto mkekani, akafika kwa Elia, akachuchumaa, akamshika mkono. Alikuwa na huruma ya kweli, nakuapia.

"Baba, unadhani mwaka kesho Elia atakuwa amebadilika?"

Nikamwambia, "Atakuwa mrefu kidogo."

Alicheka, akidhani namtania. Nilikuwa namjibu. Elia alikuwa anarefuka, suruali zake nilizishona mimi.

Wakamtoa kwenye mradi, yeye na Idi. Wakatafuta namna nzuri ya kulisema. "Hawafukuzwi, baba," aliniambia. "Ni kwamba hawatakuwa kwenye walengwa." Lakini unga sasa ulikuja kwa idadi ya walengwa, na mlezi alilipwa kwa walengwa, na hakuna mama aliyetaka mkekani kwake mtoto mzito, anayejikojolea, asiyehesabiwa. Yale maneno yalitangazwa kwenye mkutano, na mwisho wa mkutano tulipiga makofi. Mimi pia. Mwenye shida akialikwa kwenye kikao kazi yake ni hiyo, kupiga makofi. Siku ukiwa umesimama mbele ya watu wanakupigia makofi, usiyaamini sana.

Elia akarudi karibu na cherehani. Nilimtandikia pale chini, upande wa dirisha. Wewe ulikuwa bweni wakati huo. Sikukuandikia habari hizi kwa sababu ulikuwa na mitihani, na kwa sababu sikujua nikuandikie nini. Nikueleze kwamba mdogo wako hana kiashiria?

Kisha fedha ikahamia kwingine. Mfadhili alikuwa sasa anataka vijana na ujasiriamali, kwa hiyo bango letu likapakwa rangi likaandikwa vijana. Baadaye akataka mazingira, tukapewa miche ya miti tuipande uwanjani na kupigwa picha tumeishika. Mama Shufaa aliulizwa mti wake utamsaidia nini katika malezi. Akasema utampatia fimbo.

Siku ya mwisho walituletea semina nyingine. Somo lilikuwa uendelevu, maana yake namna ya kuendelea wao wakiondoka. Nilikaa pale nikasikiliza vizuri, mwanangu, kwa sababu mimi nikiitwa kusikiliza husikiliza. Watu waliotukuta tunaendelea, wakatufundisha kuendelea, na walipoondoka tukawa tumesimama.

Maana tulijaribu kuirudisha zamu na haikurudi. Nilizunguka nyumba hadi nyumba. "Nani analipa sasa?" aliniuliza mama mmoja, na hakuwa mchoyo, alikuwa anauliza tu, kama unavyouliza nauli. Hapo nikaelewa kilichochukuliwa. Hawakuchukua fedha, fedha ilikuwa yao. Walichukua ile aibu ya kukosa siku yako, wakatupa bahasha mahali pake, na walipoondoka wakaondoka na bahasha. Aibu hatukuipata tena.

Elia alifariki masika ya mwaka huo, kwa homa ya mapafu. Sisemi wao walimuua. Watoto kama yeye kifua huwasumbua, na pengine angekufa hata akiwa mkekani. Ninachosema ni kwamba muda wake wa mwisho aliupitisha akisikiliza cherehani. Nilikuwa nampigia chafya. Hakucheka, unajua tena.

Msiba ulipokwisha, na wewe umesharudi chuo, nilikaa siku nyingi nikishona vibaya. Wateja walinivumilia. Asubuhi moja Mama Shufaa akaja amembeba Idi mgongoni, kijana mkubwa tayari, miguu yake inaburuza mchanga. Akamlaza pale pale alipokuwa analala Elia. Hakunipa pole, alishanipa.

"Baba Salome, wewe huna tena mtoto wa kuleta. Sasa sema. Zamu unaishika au huishiki?"

Nikaishika. Kesho yake nilikwenda na Mama Shufaa kwa mama kijana aliyehamia karibu na kisima, ambaye mradi haukumkuta, na ambaye mwanawe alikuwa anafungiwa chumbani. Hakuuliza nani analipa kwa sababu hakuwa na habari kwamba hilo ni jambo la kuuliza. Tukaanza na wapya kama yeye, na wa zamani wakarudi mmoja mmoja, wakiona haya. Wa mihogo alirudi wa mwisho. Mama Shufaa alimtukana barazani mpaka majirani wakatoka, na yule mama akasimama pale akitukanwa huku analia na kucheka. Nadhani hata yeye alikuwa ameyakosa matusi yale.

Hicho ndicho ulichokiona ulipokuja likizo, watoto mkekani na mimi nakoroga uji, ukasema, "Baba, hii inatakiwa ijulikane."

Haitakiwi, mwanangu. Jibu langu ni hapana. Mpigie mwenzako umwambie kwamba Charambe hakuna kikundi, na hutakuwa umesema uongo. Hatuna jina, hatuna mwenyekiti. Tuna Jumatatu na mtu wa Jumatatu.

Najua itakugharimu. Utafika Dodoma mikono mitupu, na wenzako watafika na vikundi vyao vina picha. Huenda wakakuona mzembe mwezi wako wa kwanza. Limenikosesha raha hilo wiki nzima, kwa maana sijakulea ili nikuzuilie njia. Lakini nikipima aibu yako ya mwezi mmoja na watoto wale kurudi kufungiwa vyumbani, sioni cha kupima.

Utaniambia wafadhili wa sasa si wale wa zamani. Ulishaniambia. Labda. Basi uwajaribu. Waambie wanunue nepi hapo dukani kwa Mama Shufaa, waziache barazani, waondoke bila picha, bila bango, bila kumuuliza mtu amebadilika vipi. Waambie walete na mwaka unaofuata, kwa watoto wale wale, ambao watakuwa wamerefuka kidogo tu. Wakikubali, nitakuomba radhi mbele ya kanisa. Lakini siitarajii, hata viatu vya siku hiyo sitafuti.

Na utaniuliza, kama ulivyoniuliza, bila fedha tutafika wapi. Mama, sisi hatuendi popote. Jumatatu tunafika Jumanne.

Nenda kazini. Mshahara wako ni halali, na nitakuombea kila siku, na nikiulizwa unafanya kazi gani nitasema kwa sauti. Kazi yenyewe naidharau na sitakuficha, kwa sababu ukinikuta siku moja nimenuna mbele ya gari lenu usije ukadhani ni wewe. Ukitumwa kwenye mtaa wa watu wengine kama sisi, kabla hujafungua kikao, uliza watoto wao wameachwa na nani. Kama jibu ni kwamba wamefungiwa, ahirisha kikao. Kama jibu ni kwamba wapo kwa fulani, kwa zamu, basi kunywa chai yao, uwashukuru, urudi ofisini useme hukukuta kitu.

Nimebakiza neno moja. Alhamisi haina mtu. Mama aliyekuwa nayo amehamia Bunju, na kwa sasa naishika mimi juu ya Jumanne yangu, na nguo za wateja zinalala. Idi sasa ni mzito, kumgeuza kunataka watu wawili, na mgongo wangu unalalamika. Ukipata likizo yako ya kwanza, njoo uishike. Njoo na nguo ya kuchafuka, na ile fulana watakayokupa iache huko huko. Nimeshawaambia kina mama kwamba binti yangu atakuja kushika Alhamisi. Mama Shufaa amesema ataamini akikuona umekaa mkekani, na usipotokea, Dodoma siyo mbali, anaijua nauli.

Ni mimi baba yako.